Mashine ya Risiti ya Wifi Yangu

Damu yangu na ya wifi yangu hazikupatana tangu siku ya kwanza. Mume wangu, wakati huo bado mchumba, alinipeleka kwao kunitambulisha, na mdogo wake wa kike, mwembamba, mwenye miwani na kalamu mbili alizozichomeka kwenye nywele, aliniangalia kuanzia viatu hadi utosini, kisha akauliza, "Kaka, huyu ndiye yule wa kaunta?" Jina langu hakuliuliza. Nilikuwa keshia wa duka kubwa, basi nikawa wa kaunta, na miaka kumi na moja baadaye, akiwa amehamia kwangu na masanduku yake yote, nilikuwa bado wa kaunta.

Nitamweleza alivyo, wala sitatia chumvi. Chumvi yenyewe nyumbani kwangu anaipima. Anajaza kijiko, anakisawazisha juu kwa kisu, na kile kinachozidi anakirudisha koponi, kisha ananitazama mimi ninayetia kwa vidole kama vile nimejisaidia sufuriani. Mapazia ya sebuleni aliyashusha yote akayatundika upya kwa sababu upande mmoja ulikuwa juu kwa milimita nne. Mwanangu wa pili alichora jua akamwonyesha shangazi yake, akaambiwa hilo si duara, hilo ni yai. Mtoto alilia. Tangu siku hiyo, akiwa hayupo, mimi humwita Bi Milimita, na watoto wananisaidia kucheka.

Mume wangu hacheki. Yeye aliacha sekondari akiwa kidato cha pili, akaenda kuchomelea mageti ili dada yake asome, na dada akasoma kweli mpaka akawa mbunifu wa mitambo. Cheti chake kina fremu ya kioo na kimetundikwa ukutani sebuleni kwangu. Cheti changu cha ndoa kiko chini ya godoro. Nikilisema hilo mume wangu anavaa shati lake la kazi na kutoka, hata kama ni siku ya mapumziko.

Wifi alikuja kwetu baada ya nyumba aliyopanga kuuzwa. Alikuja kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo sasa zilikuwa na miaka mitatu. Alichukua chumba cha watoto, kisha akachukua meza ya kulia chakula. Sisi tukala na sahani mapajani, na juu ya meza yetu zikakaa gia ndogo, springi zilizopangwa kwenye vifuniko vya soda, roli za karatasi, na mashine yake.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kuchapa risiti. Karakana alikofanya kazi ilikuwa inatengeneza mizani na mashine za madukani, na bosi wake alitaka printa ndogo kuliko zote zilizokuwepo, yenye kisu cha kukatia karatasi ndani yake, kwa ajili ya maduka ya dawa na vibanda ambavyo kaunta zake hazina hata pa kuweka kiwiko. Wifi alipewa kazi hiyo akaifanya kwa miaka minne. Karatasi za aina hiyo hazihitaji wino, maandishi yanatoka kwa joto. Kazi ngumu ilikuwa kisu. Yeye aligawanya makali mawili: moja akaliweka kwenye kifuniko, halitembei, na jingine tumboni mwa mashine, linasukumwa na mota isiyozidi kidole gumba. Makali yakikutana yanakata karatasi yote isipokuwa kipande kidogo cha katikati, ili risiti ining'inie isianguke sakafuni, na keshia aivute kidogo tu. Ilikuwa nzuri. Nakiri kwa shingo upande, lakini ilikuwa nzuri, na ilikaa kwenye kiganja cha mume wangu kama nusu mkate.

Bosi alikubaliana na meneja wetu ijaribiwe dukani kwa wiki sita. Duka lina kaunta nane, na meneja akachagua namba tatu, ambayo ni yangu. Nilipewa daftari la kuandika kila mara itakapokwama, saa ngapi, na risiti ya ngapi, na kila Ijumaa kurasa zilikwenda kwa bosi. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa. Wifi anaruhusiwa kuirekebisha, na wiki ya sita ikikwama mara tano au pungufu, printa inaanza kutengenezwa, na wifi anakuwa mkuu wa usanifu, cheo chenye nyumba ya kuishi inayotolewa na karakana. Ikizidi hapo, bosi anaagiza visu vilivyokwisha tengenezwa nje, na kazi ya wifi inakwisha.

Umesikia hapo kwenye nyumba? Basi hapakuwa na mtu aliyeiombea mashine ile dua kuliko mimi. Niliifuta vumbi asubuhi kwa kitambaa changu mwenyewe.

Siku ya kwanza ilikwama mara tatu. Wiki ya kwanza ilipokwisha ilikuwa imekwama mara kumi na moja. Karatasi inapinda, kisu kinaikamata upande, taa nyekundu inawaka, na mimi nafungua kifuniko, nachomoa karatasi iliyokunjamana, nafunga, nachapa upya, huku foleni inapumua kisogoni mwa mteja wa mbele. "Mama, hiyo ni mashine au mtego wa panya?" mzee mmoja aliniuliza, akashangiliwa na foleni nzima.

Wifi alikuwa anakuja kila mchana. Hanisalimii. Anaisalimia mashine, anaipapasa, anaichungulia kwa tochi.

"Umeifanyaje?"

"Nimeiuzia sabuni na mchele."

"Unafunga kifuniko kwa nguvu."

"Njoo ukae wewe basi, tuone."

Akaja akasimama mahali pangu, akachapa risiti ishirini mfululizo. Kila moja alisimama akiitazama inatoka, akaacha kisu kipige, akasikiliza mlio wake huku kichwa amekiinamisha, ndipo akaivuta taratibu. Haikukwama hata moja. Alinigeukia mbele ya wateja wangu. "Unaona? Kwangu haikwami. Tatizo liko kwa mtu." Nilitamani kumtupia ile mashine usoni. Badala yake nikasema, "Anayefuata!" kwa sauti iliyofika hadi kwenye friji za maziwa.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya tatu. Asubuhi hiyo nilijichoma kwa pasi mkono wa kulia, nikaufunga kitambaa, nikaenda kazini hivyo hivyo. Kwa mkono wa kushoto nilikuwa mzito. Naskani, nageuka, nanyoosha mkono kupita juu ya kaunta, na nikifika kwenye risiti inakuwa tayari imekatwa, inaning'inia inanisubiri. Saa nne haijakwama. Saa saba haijakwama. Saa tisa, wakati wa kunywa chai, nilikaa kwenye kreti la soda kule stoo nikautazama mkono wangu uliofungwa, na nikaelewa.

Sisi makeshia hatusubiri risiti. Miaka yote tulikuwa na zile mashine za meno, unachana mwenyewe, na jicho linajua pa kuangalia: jumla. Ukiona jumla imetokea, mkono unakwenda wenyewe. Chini ya jumla kuna kodi, kuna tarehe, kuna asante karibu tena, nani anavisoma? Nilikuwa navuta wakati mashine bado inachapa au kisu ndiyo kwanza kinaanza kutembea. Karatasi inapinda, kisu kinaikamata. Kule karakana hakuna aliyewahi kuvuta mapema kwa sababu wote ni mafundi, na fundi anapenda kuona kisu chake kikikata. Wanasubiri. Wamekijaribu mara laki moja, na mara zote laki moja wamesubiri.

Nilirudi nyumbani nimejaa maneno. Wallahi nilikuwa nakwenda kumwambia. Nilimkuta mezani anaimba, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Alikuwa amekwisha pigiwa simu na meneja kwamba leo haijakwama hata mara moja.

"Ni springi!" aliniambia kabla sijavua viatu. "Asubuhi kabla hamjafungua nilibadilisha springi ya kifuniko. Nilijua ni springi. Sasa hata mikono ya wa kaunta haiwezi kuiharibu."

Alisema hivyo mbele ya watoto wangu, akacheka, na mwanangu mkubwa naye akacheka bila kujua anachochekea. Maneno yote niliyokuja nayo niliyameza. Nikaenda jikoni nikatia chumvi kwenye mboga kwa vidole, nikaikoroga, nikasema moyoni, haya, springi na iwe springi.

Nalisema waziwazi kwa sababu sitaki mtu anionee huruma nisiyostahili. Nilijua, na nilinyamaza makusudi. Mkono ulipopona nilirudi kuvuta kama zamani. Ningeweza kusubiri nusu sekunde, nani angenikataza? Sikusubiri. Daftari sikulidanganya hata mstari mmoja, kila kukwama nilikuandika kwa saa na dakika, kwa mwandiko mzuri. Nilijiambia kwamba mimi kazi yangu ni kuandika, na aliyesoma ni yeye.

Naye akahangaika. Alibadilisha springi tisa. Zilipomshinda akahamia kwenye gia, akahamia kwenye makali, akayanoa, akayarudishia, akayanoa tena. Alikuja na springi moja laini, moja ngumu, moja aliyoikunja mwenyewe kwa koleo mpaka kidole kikatoka damu. Macho yakaingia ndani. Chakula akawa anakiacha. Mume wangu akanivuta chumbani.

"Mwenzio anaisha yule. Huwezi hata kumpa pole?"

"Nimpe pole ya nini? Kasema tatizo ni mtu. Amtafute huyo mtu."

"Nyie wawili mtaniua kabla ya siku zangu," akasema, akavaa shati la kazi.

Nadhani unaniuliza, na ile nyumba ya karakana? Si nilitaka aondoke? Nilitaka. Kila asubuhi nikiruka masanduku yake kwenda bafuni nilitaka aondoke hata kwa puto. Lakini kila nikifungua mdomo nasikia "mikono ya wa kaunta", na mdomo unajifunga. Nilikuwa radhi nikae naye miaka mingine mitatu kuliko yeye apande cheo kwa neno langu. Hasira za namna hiyo hazina hesabu, na mimi nilikuwa nazo.

Wiki ya sita ikaisha Jumamosi. Jumla ya kukwama: hamsini na mbili, tisa kati yake wiki hiyo ya mwisho.

Jumapili mchana watoto walitaka meza waandike kazi za shule. Wifi alikuwa ameifumua mashine yote juu ya gazeti, skrubu hapa, rola pale, na hakuinua kichwa. Binti yangu akasogeza kifuniko kimoja cha soda kwa kidole tu, springi ikaruka ikapotelea chini ya kabati. Wifi alimpiga kofi mkononi.

Nilitoka jikoni na mwiko.

"Mguse tena!"

"Mwanao ni kama wewe! Anagusa vitu asivyovielewa!" Alikuwa amesimama, miwani imeteleza puani, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Miaka minne! Umeiua kazi yangu ya miaka minne kwa kaunta yako! Uliipiga, uliikoroga, sijui uliifanya nini! Kesho napeleka daftari la mwisho na nafukuzwa, ufurahi!"

"Hakuna aliyeipiga!" Nilikuwa napiga kelele, majirani wote wamesikia, na wasikie. "Mashine yako inataka kusubiriwa kama bibi harusi! Nani ana muda wa kuisubiri? Watu kumi wamenipangia foleni, mimi nikishaona jumla navuta! Kila keshia anavuta! Nyie mnaopenda kuiangalia ndio mnasubiri!"

Mume wangu, ambaye alikuwa mlangoni anataka kutoka, akasimama. Wifi alikaa polepole.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Hapo kwenye jumla."

Nikarudia, kwa sauti ya chini sasa. Aliiunganisha mashine, na sijawahi kuona mtu akirudisha skrubu kumi na nne kwa kasi ile. Akatia karatasi, akaniambia nisimame kama ninavyosimama kazini. Alichapa. Jumla ilipotokea nikavuta, na ikakwama palepale, taa nyekundu ikawaka. Akachapa tena, nikavuta, ikakwama. Ya tatu ilipona, ya nne ikakwama. Alikuwa haangalii mashine. Kwa mara ya kwanza tangu anifahamu alikuwa anaangalia mikono yangu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Kisha akavuta kompyuta yake, akaandika kwa dakika kumi hivi. Hakugusa chuma chochote. Alichofanya ni kuishusha jumla chini kabisa ya risiti, baada ya kodi, baada ya tarehe, baada ya asante, iwe ndiyo neno la mwisho kutoka, kisu kipige mara tu inapoonekana. Akachapa. Jicho langu likatafuta jumla likaikosa, likaingoja, ikaja, mkono wangu ukaenda, na risiti ilikuwa imeshakatwa. Tulifanya mara mia moja. Binti yangu ndiye aliyehesabu. Haikukwama.

Dakika kumi. Hilo ndilo lililonikaa kooni kama mwiba wa samaki usiku kucha, kwamba lilikuwa jambo la dakika kumi.

Jumatatu ni siku yangu ya mapumziko. Wifi aliondoka mapema na mashine kwenye mfuko, amefunga nywele, hana kalamu hata moja kichwani. Alirudi kabla ya saa sita akiwa na katoni mikononi. Mume wangu alikuwa amepita kula. Wifi aliweka katoni sakafuni, akaketi, akatueleza kwa sauti isiyo na kitu ndani yake. Bosi aliiona mashine ikikata, akaisifu. Akamwambia kwa bahati mbaya amekwisha agiza visu vya nje. Aliagiza Ijumaa ya wiki ya nne, alipoona kurasa za daftari zinazidi kuwa mbaya. Mkataba umetiwa saini, hauvunjiki. Kama angeletewa hii wiki ile asingeagiza. Mashine amemwachia aende nayo, kwake haina kazi.

Nilihesabu kwa vidole vyangu chini ya kanga. Kutoka Jumanne ya wiki ya tatu hadi Ijumaa ya wiki ya nne ni siku kumi.

Mume wangu alisukuma sahani. Si mtu wa kufoka, lakini siku hiyo alinigeukia mimi na mishipa ya shingo imemtoka. "Na wewe ulikuwa wapi wiki zote sita? Mkono si wako? Mkono wako mwenyewe ulikuwa hujui unafanya nini?"

"Kaka, mwache." Wifi alisema hivyo kwa ukali, ule ukali wake niliouzoea, ila mara hii haukuelekezwa kwangu. "Usimguse kabisa. Mimi nimesoma na sikuona. Nilikuwa nakwenda pale kila siku namtukana na sikuona. Yeye kaona jana, kasema jana. Katika watu wote niliofanya nao kazi, huyu peke yake ndiye kaniambia ukweli siku hiyo hiyo."

Nilifungua mdomo. Mume wangu alikuwa ananitazama, sasa kwa haya, anataka kuniomba radhi. Nilitamani wifi anitukane. Nilitamani aniite wa kaunta, anicheke, aniulize nimeifanyaje mashine yake, ili nipate pa kushikia. Alikuwa ameinama anatoa vitu kwenye katoni: kikombe chake, rula ya chuma, roli mbili za karatasi. Alifuta meza kwa kiganja, akaiweka mashine katikati, kisha akafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na moja hakuwahi kulifanya. Alinivutia kiti.

"Kaa, wifi," akasema. "Kuna karakana nyingine nitawapelekea. Lakini ile ya jumla chini ni ujanja tu, kila duka lina risiti yake. Nataka niifanye ivutwe vyovyote na isikwame. Kila ukitoka kazini uwe unanipa nusu saa ya mkono wako. Nitakuwa nakuamini wewe."

Nikakaa. Akabonyeza, karatasi ikaanza kutoka, mstari baada ya mstari, na jumla ikatokea.

"Vuta," akasema, nami nikavuta.